Picha moja, milango minne: mchoraji anayeanza auzie wapi?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kigamboni alinifuata kwenye karakana ninayochorea. Begani alikuwa na bomba la plastiki, yale ya mafundi bomba, na ndani yake picha tatu zimeviringishwa pamoja na magazeti. Akaniamkia, akazitandaza sakafuni, akaziwekea mawe pembeni zisijikunje. Ya katikati ilinifanya nichuchumae: pantoni alfajiri, watu wamebanana mlangoni, na mama mmoja ana ndoo ya samaki kichwani. Ndoo yenyewe ni ile ya rangi ya ukuta, nembo imebanduka nusu, na gundi iliyobaki imeshika vumbi. Mtu anayeona gundi ile na kuichora si mtu wa kupotezwa.

"Kaka," akasema, "nimepata watu wanne na kila mmoja anataka lake. Nimfuate nani?"

Mwenye duka la vinyago alitaka picha ishirini za tembo na machweo, analipa taslimu kila Ijumaa. Galeri moja ilitaka zile tatu kwa mali kauli. Mgahawa mmoja wa ufukweni ulitaka achore ukuta wa mbele. Na dada yake alimwambia aachane na wote hao, afungue akaunti Instagram auze mwenyewe.

Nilimjibu kwa haraka siku ile, na jibu halikumtosha wala halikunitosha mimi. Hapa ninalijibu upya, kwa ajili yake na kwa yeyote aliyesimama pale aliposimama yeye.

Wengi huanza kwa kulinganisha bei. Bei ni muhimu, lakini ukiitazama peke yake utachagua vibaya. Mimi huuliza mambo matatu: nani anapanga bei, nani anaamua kitakachochorwa, na picha ikishaondoka, jina la mnunuzi linabaki kwenye daftari la nani? Hilo la tatu ndilo nitakalolirudia, kwa kuwa ndilo lililonigharimu zaidi.

Tuchukue picha moja ya sentimeta 60 kwa 90, akriliki juu ya amerikani, siku nne za kazi. Vifaa tuseme shilingi 55,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Weka zako na ufanye hesabu upya.

| Mlango | Bei | Kinachobaki kwako, vifaa vikishatolewa | Pesa inakuja lini | Jina la mnunuzi |
|---|---|---|---|---|
| Duka la watalii | 80,000 | 25,000 | Ijumaa | Halijulikani |
| Galeri | 700,000 | 295,000, wakishachukua nusu | Ikiuzwa | Galeri inalo |
| Ukuta wa mgahawa | 900,000 | 550,000, baada ya rangi, kiunzi na msaidizi | Nusu kabla, nusu baada | Unalo |
| Simu yako | 300,000 | 205,000, baada ya bando, vifungashio na usafiri | Siku ya kuuza | Unalo |

Ukuta si picha ileile, na unakula siku sita badala ya nne. Nimeuweka humo kwa sababu kijana alikuwa anachagua kati ya vitu hivyo vinne, na siku alizonazo ni zilezile.

Duka la watalii

Mlango huu hudharauliwa na wachoraji waliosoma, na si haki. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli. Hakuwa na chuo wala mfadhili. Alichora miaka michache tu. Mwaka 1972 risasi ya polisi, iliyopigwa kwa makosa, ikamuua. Lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa zake, akina Ajaba, Linda, Tedo, Mpata na Mandu, nao wakafundisha wengine, mpaka mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika pale Morogoro Stores, Oysterbay. Kuna watoto waliosomeshwa na picha za chui yule wa Tingatinga, mwenye madoa ya mviringo. Sitamruhusu mtu aseme mbele yangu kwamba ile si sanaa.

Mlango huu unakupa mkono. Ukichora twiga mia mbili, mstari mrefu hautetemeki tena, na unajua rangi ikauke kiasi gani kabla ya kuweka ya pili. Unakupa pia wenzako wa kukaa nao benchi moja, na hilo kwa anayeanza ni kubwa.

Kile ambacho mlango huu unakunyang'anya ni bei. Picha yako inaning'inia katikati ya kumi zinazofanana nayo. Mtalii anauliza duka la kwanza, la pili, la tatu, na kila hatua bei inashuka. Winga aliyemleta naye anaweka cha juu chake. Masika ikiingia wageni wanapungua, Ijumaa inakuja bila pesa, na huna pa kwenda kwa sababu humjui hata mmoja kati ya watu walionunua kazi zako mwaka mzima. Wamepanda ndege na jina lako pembeni ya picha, wala hawajui ulikuwa umekaa hatua tano nyuma ya duka.

Ukiingia hapa, ingia na tarehe ya kutoka. Miezi sita, mwaka. Iandike.

Galeri

Mali kauli maana yake unaacha mzigo, unaondoka na ahadi. Picha ikiuzwa mnagawana, na galeri kwa kawaida huchukua kati ya asilimia 40 na 50. Vijana hukasirika wakisikia nusu. Mimi sikasiriki na nusu inayofanya kazi: pango, taa, katalogi, bima, na juu ya yote mtu wa kukaa na mteja saa nzima akimweleza kwa nini ndoo ile ina gundi. Galeri nzuri inajua nani amenunua picha tano katika miaka mitatu na nani atanunua ya sita. Circle Art Gallery ya Nairobi imekuwa ikiendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki tangu 2013, na bei ikitajwa hadharani mnadani inawasaidia hata wachoraji ambao hawakuwa na picha mle. Afriart ya Kampala, iliyoanza 2002, hupeleka wachoraji wake kwenye maonyesho makubwa ya biashara nje ya Afrika. Mchoraji akibeba bomba lake la plastiki hafiki huko peke yake.

Kwa hiyo sisemi usiende galeri. Ninasema usiende kama nilivyokwenda mimi.

Mwaka wangu wa tatu wa kuchora niliacha picha saba kwenye galeri moja, kwa neno la mdomo. Tulipeana mikono, tukanywa chai. Masika ikapita. Nilipozifuata, tano zilikuwa stoo, zimeegemezwa ukuta unaotoa maji. Nilizigeuza moja moja. Nyuma ya amerikani kulikuwa na vidoto vyeusi vya ukungu kama pilipili manga iliyomwagika, na kwenye picha moja ukungu ulikuwa umepenya hadi mbele, kwenye anga. Mbili waliniambia zimeuzwa. Pesa zake nilizipata kwa mafungu, miezi kumi. Nilipouliza nani amenunua, nikaambiwa hiyo ni siri ya biashara.

Moja kati ya hizo mbili ni picha ya mama yangu akimenya mihogo uani. Sikuipiga hata picha kwa simu kabla ya kuipeleka. Mama hayupo tena, na ile picha iko kwenye nyumba ya mtu duniani humu, siwezi kuiazima kwa maonyesho, siwezi hata kuomba kwenda kuitazama.

Ndiyo maana ninasisitiza karatasi. Iwe moja tu, upande mmoja, lakini iwe na mambo haya: orodha ya kila picha na vipimo vyake na bei yake, asilimia ya galeri, siku za kulipwa baada ya kuuza (siku 30 ni haki), nani analipa picha ikiharibika, tarehe ya kuzichukua zisizouzwa, na sentensi inayosema msanii atapewa jina la mnunuzi. Galeri makini hazishtuki kwa hayo. Nyingi zina karatasi yao tayari. Kama sera yao hairuhusu kutaja jina, basi waandike kwamba watakuunganisha na mnunuzi ukihitaji kuiazima kazi. Na kabla picha haijatoka nyumbani, ipige vizuri mbele na nyuma, uandike tarehe.

Kuna suala la muda pia. Galeri inauza mchoraji, haiuzi picha moja. Inataka picha kumi na mbili au kumi na tano zinazoongea lugha moja, ili mteja akipenda moja aone kuna nyingine nyuma yake. Kijana wetu ana tatu. Galeri inayochukua tatu za mtu asiyejulikana, bila kuuliza anachora nini sasa wala mwakani atakuwa wapi, mara nyingi inajaza ukuta.

Na ukishaingia galeri, bei yako ni moja mji mzima. Ukiuza karakanani kwa 300,000 picha kama ile ambayo galeri imeitundika kwa 700,000, umemwibia aliyekulipia taa, na mteja aliyenunua kwa bei kubwa atalisikia hilo.

Ukuta na oda

Hapa ndipo nilipo upande wa kijana, na nitaeleza kwa nini.

Joseph Bertiers wa Nairobi, ambaye picha zake za umati zimefika makumbusho za nje, alianza na vibao na kuta za baa. Maasai Mbili wa Kibera, kundi lililoanza 2001, liliundwa na wachoraji wawili wa vibao. Chéri Samba, mchoraji wa Kongo, alifika Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana, akachora vibao vya matangazo, akafungua karakana yake barabarani mwaka 1975, na mwaka 1989 kazi zake zikawa kwenye onyesho kubwa la Paris lililokusanya wasanii wa mabara yote. Picha zake mpaka leo zina maandishi, na maandishi yale yalitoka kwenye vibao.

Kibao kinafundisha kitu ambacho chuo hakikifundishi. Lazima kisomwe na mtu aliye ndani ya daladala inayokimbia. Ukuta wa mita tatu kwa nne hausamehe mchoro dhaifu, na watu wanaopita wanakuambia ukweli ukiwa bado juu ya kiunzi.

Ukilinganisha na duka la watalii, hapa nawe unachora anachotaka mwingine, hilo ni kweli. Tofauti ni kwamba mwenye ukuta anakujua kwa jina, unakaa naye wiki nzima, anakuona ukifanya kazi. Anakuwa mtu wako. Wateja wangu watatu wa kwanza wa picha halisi, zile nilizochora kwa moyo wangu, walikuwa watu niliowachorea kuta.

Masharti yawe wazi. Chora rasimu ndogo, mwenye ukuta aikubali kwa saini. Marekebisho mawili, la tatu linalipiwa. Chukua nusu ya malipo au zaidi kabla ya kununua rangi, kwa sababu rangi ya nje ni ghali na ukinunua kwa mfuko wako umeshageuka mkopeshaji. Kiunzi kiwe imara na ngazi ishikwe na mtu; usipande kwenye meza juu ya meza, nimeona mwenzangu akivunjika kiganja kwa hilo, na kiganja ndicho mtaji.

Jambo moja wengi hawalijui: sheria ya hakimiliki ya Kenya inahesabu kwamba haki ya kazi ya oda imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Ukichora ukuta Mombasa bila karatasi, mwenye mgahawa anaweza kuuchapa mchoro wako kwenye fulana. Popote ulipo, andika kwenye mkataba nani anabaki na hakimiliki. Ni mstari mmoja.

Simu yako mwenyewe

Kuuza mwenyewe hakukuanza na Instagram. Miaka ya 1970 pale Lubumbashi, Kongo, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akitembeza picha zake nyumba kwa nyumba. Wachoraji wa mji ule waliwauzia watu wa migodini na makarani, waliozitundika sebuleni. Mwishoni mwa 1973 alibisha hodi kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, na kutokana na hodi ile zikatoka picha karibu mia moja za historia ya nchi yake, kila moja akiieleza kwa mdomo wake, kwa Kiswahili cha Katanga. Hakuuza rangi peke yake, aliuza na maelezo, na maelezo hayo yamebaki.

Mnunuzi wa simu anataka kitu hichohicho. Asikie sauti yako: picha ni ya nini, ulisimama wapi ulipoiona. Piga kazi yako asubuhi kivulini, si chini ya taa ya dari wala jua la saa saba. Weka kiganja pembeni ya picha moja ili watu waone ukubwa. Taja bei hadharani. Najua wengi huandika "bei inbox", lakini mtu mwenye pesa na asiyetaka kubembelezana anapita.

Ugumu wake ni muda. Kila picha inayouzwa imejibiwa ujumbe arobaini, na ujumbe unakuja usiku, wakati ambao mkono ungekuwa kwenye brashi. Hesabu saa hizo kama gharama. Ndani ya nchi kutuma ni rahisi: viringisha, ingiza kwenye bomba, peleka kwa basi, piga picha risiti. Nje ya nchi, tumia posta au kampuni ya vifurushi na mteja alipie usafiri kabla.

Na jihadhari na huyu: anajitambulisha yuko Ulaya au Marekani, anataka picha tatu haraka kwa ajili ya siku ya ndoa, atalipa zaidi ya bei, wewe umrudishie au umlipe msafirishaji wake kile kinachozidi. Pesa yake haitafika, au itafika na kurudishwa benki, na ulichotoa wewe hakirudi. Ndugu yake ni yule anayekupongeza kwa barua pepe kwamba umechaguliwa kwenye onyesho la ng'ambo, kinachobaki ni ada ya ukuta. Onyesho linaloishi kwa ada za wachoraji halina haja ya kuuza picha zao.

Galeri na simu, kwa picha ileile, naziona hivi: galeri inakununulia muda wa kuchora na inakuuzia bei ya juu, simu inakula muda wako na inakuachia mteja. Katika miaka mitatu ya mwanzo, mteja ana thamani kuliko bei.

Pa kuchorea

Hili si mlango wa kuuzia, lakini linabadilisha milango yote. Kuchora chumbani peke yako kunazeesha kazi mapema. Nafasi Art Space, Mikocheni, ipo tangu 2008, na karakana zake ndani ya makontena zimelea wengi wetu. Nairobi, Kuona ilianza 1995 na GoDown 2003. Kampala kuna 32° East, Kigali kuna Inema, Lubumbashi kuna kituo kiitwacho Picha, wanaoandaa biennale, yaani onyesho la kila baada ya miaka miwili, la mji ule. Vijana wa Wajukuu, kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru, mwaka 2022 walipeleka kazi yao Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, onyesho kubwa la sanaa la kimataifa, na hawakufika kule kwa kila mmoja kujichorea kwake. Kama kodi ya karakana inakushinda, tafuteni watatu chumba kimoja chenye dirisha la kaskazini au kusini.

Basi uchague nini?

Kama kodi ya mwezi huu haijapatikana na mkono bado mchanga, chukua duka la watalii kwa tarehe maalumu, lakini Jumapili chora chako. Kama una kazi nyingine inayokulisha, usiguse tembo kabisa. Anza na simu, polepole, picha moja kwa mwezi. Kama una picha kumi na tano zinazofanana kwa moyo na una watu kumi walioshanunua, galeri sasa itakuheshimu, kwa sababu unakuja na wanunuzi na unajua bei yako. Na kama ni yule kijana, mwenye jicho lile na mfuko ule, chukua ukuta. Siku sita za ukuta zikupe wiki tatu za kuchora pantoni.

Alichukua ukuta. Mgahawa ulitaka minazi na ngalawa, akachora minazi na ngalawa, akalipwa nusu kabla na nusu baada. Siku ya mwisho mama mwenye mgahawa akaona lile bomba la plastiki limeegemea kiti, akauliza kuna nini ndani. Akatajiwa 300,000 kwa picha ya pantoni. Akatoa 150,000, kijana akashukuru na kuviringisha. Kesho yake akapiga simu akasema aje nayo.

Jumapili alinionyesha daftari, la shule, la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza una jina la mama, namba yake, na chini yake: "Pantoni, 60 kwa 90, ukumbi wa juu, dirisha la baharini." Nikamwambia ampigie leo hii aombe ihamishiwe ukuta wa ndani, jua la asubuhi la pale litaila ile bluu kabla ya mwaka kuisha. Akatoka nje kupiga.